Yule Msichana wa Duka la Tambi

"Usipumue kwa nguvu, leso inacheza!" Tata Virginia, shangazi yake, alinong'ona, akamfinya Nyokabi begani.

"Tata, nisipopumua mtanizika badala ya kuniozesha."

"Nyamaza! Bibi harusi haongei mpaka achaguliwe. Ukifungua mdomo umetuaibisha mtaa wote wa Langas."

Nyokabi akanyamaza. Alikuwa amefunikwa leso tatu, kutoka utosini mpaka vifundoni, viatu tu ndivyo vinaonekana, na giza la humo ndani hata inzi angeomba tochi. Wasichana watano walikuwa wamepangwa sebuleni kwa baba yake, Mzee Gichuru, wote wamefungwa vivyo hivyo, kama magunia ya viazi yanayongoja lori. Ruracio, sherehe ya Wakikuyu ya mahari, ndivyo ilivyo. Bwana harusi anaingia, anayazunguka hayo magunia, kisha anashika mkono mmoja na kusema, huyu ndiye wangu. Akikosea, atachekwa mpaka wajukuu wake waone haya.

Lakini leo Nyokabi hakuwa na kicheko. Brian, mchumba wake, akishika mkono wa mwingine, yeye angezivua hizo leso, aingie jikoni kuosha sufuria, na habari ya harusi iishie hapo. Alikuwa amemwambia mwenyewe, kwa simu.

Na yote hayo yaliletwa na katuni.

Brian ni kijana wa kijiji cha Chepsaita aliyeenda Nairobi kufanya kazi kwa watu wanaotengeneza gemu za simu. Jioni anaandika kwenye ukurasa wake wa Facebook, Brian Anachambua: anime za Kijapani, gemu, sinema za mazombi, chochote chenye damu ya kijani. Wanaomfuata wanaapa kwamba aliwahi kusimamisha picha akahesabu nywele za shujaa, akagundua tatu zimepotea tangu kipindi cha kwanza. Wiki mbili kabla ya ruracio aliandika kuhusu anime inayoitwa Wapanda Radi:

"Shida ya hii anime ni yule msichana wa duka la tambi. Kazi yake ni kungoja. Shujaa ameenda kupigana na madubwana miaka mitatu, yeye bado anapanguza meza. Mkimtoa, hakuna kitu kitapungua. Nampa mbili kwa kumi."

Nyokabi aliyasoma hayo akiwa dukani kwa baba yake, anapanguza kaunta. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Brian apande basi la Nairobi.

Akamtumia ujumbe: "Ni mimi?"

"Ni wewe nini, babe?"

"Huyo wa mbili kwa kumi."

"Aki Nyoks. Hiyo ni katuni tu!"

Hapo ndipo alipochemka. Akapiga simu.

"Katuni tu? Brian, wewe uliandika kurasa kumi juu ya kivuli cha farasi!"

"Kivuli kilikuwa upande mbaya. Jua lilikuwa..."

"Na mimi? Ushawahi kuniangalia hivyo? Hebu niambie, tangu uende nimekuwa nikifanya nini?"



"Si umekuwa... dukani?"

"Sawa. Siku ya ruracio nitakuwa ndani ya leso. Kama unanionaga, utanijua. Ukikosea, tusipotezeane wakati."

"Nyoks, si mtakuwa mmefunikwa wote! Nani anaweza..."

Alimkatia simu sikioni.

Sasa alisikia wageni wakiingia na wimbo, viatu vizito vya wazee wa Chepsaita, halafu kiti kikilia chini ya Mzee Wilson, baba yake Brian.

"Hawa watoto wamefungwa hivi kwa nini?" Mzee Wilson aliuliza. "Ni wagonjwa?"

Shangazi wakacheka.

"Mzee, ni mila. Kijana achague wake."

"Kwani hajachagua? Kwetu tunauliza ukoo, hatuchezi kujificha."

Nyokabi alisikia miguu myepesi ikitembea mbele ya mstari. Si ya Brian. Ikasimama kushoto kwake, kwa binamu yake Cynthia. Na Cynthia, kwa ujanja wa Tata Virginia, alikuwa amevaa viatu vya Nyokabi.

"Ni huyu!" sauti ya mama yake Brian ikapasuka kwa furaha. "Hivi viatu nilimnunulia mimi mwenyewe! Karibu kwetu, mtoto wangu!"

"Mama, ngoja!" Brian alipiga kelele.

Wapi! Mama alikuwa amekuja na siagi ya kumpaka mkamwana wakimpokea, kama wanavyofanya kwao, na mkono wake ulikuwa tayari chini ya leso. Nyumba ikaripuka vigelegele.

"Nyoks," Cynthia alinong'ona, "nimepakwa. Nimeolewa?"

"Nyamaza."

"Siagi imeingia kwa jicho."

"Si mmechagua wenyewe!" Tata Virginia alikuwa anacheza. "Imeisha!"

"Imeisha," Mzee Wilson alikubali. "Kwetu akishapakwa ni wa boma. Brian, shika mkono tukule."

Nyokabi alishika leso kwa ndani, tayari kuivua.

"Mama, asante," Brian alisema polepole, "lakini huyo simjui."

"Na viatu?"

"Viatu ni vyake. Aliye ndani simjui."

"Basi wako ni yupi?"

"Sijui. Wamefunikwa vizuri sana."

 Sijui! Nyokabi aliikaza leso mkononi. Miaka mitatu, halafu sijui.

"Kabla nishike mtu yeyote, nina neno," Brian aliendelea. "Nimeirudia Wapanda Radi yote."

"Hiyo ni nini?" Mzee Wilson aliuliza.

"Ni katuni, baba."

"Katuni! Mbele ya wazee!"

"Hebu mwache," Mzee Gichuru akasema. "Hiyo katuni imeninyima usingizi wiki mbili na hata sijaiona. Aseme."

Brian akakohoa.

"Niliandika kwamba msichana wa duka la tambi anangoja tu. Nikaanza tena, safari hii nikamwangalia yeye peke yake. Kumbe shujaa akiwa hayupo, kijiji kinakula kwake. Mama ya shujaa akiugua, ni yeye anaenda kuamsha daktari. Yote yako hapo nyuma ya picha, na mimi nilikuwa naangalia madubwana. Nikafunga laptop, nikampigia Mama. Nikamuuliza, nikiwa Nairobi ni nani alikuwa anakuja Chepsaita? Akaniambia mambo ambayo sijawahi kuuliza. Ni nani alilima naye shamba la viazi. Ni nani alikuja ile siku presha yake ilipanda, akampeleka hospitali Plateau na gari ya jirani..."

"Pikipiki!"

Sauti ilitoka kwenye gunia la pili.

"Gari gani? Ilikuwa pikipiki! Na mvua inanyesha, na mama yako amenishika kiuno anaimba nyimbo za kanisa mpaka Plateau!"

"Woi! Bibi harusi ameongea!" Tata Virginia akashika kichwa. "Langas tumekwisha!"

Watu walicheka mpaka mabati yakaitikia. Katikati ya kicheko hicho, mkono wa Brian ulipita chini ya leso ukaushika wa Nyokabi. Leso zikaanguka. Mwangaza ukamchoma macho.

"Ulikosea makusudi?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Ili niongee?"

Angeweza kusema ndiyo, na angesifiwa kaunti nzima ya Uasin Gishu.

"Hapana," Brian akasema. "Nilidhani ni gari."

"Ningemwambia ni pikipiki angeogopa," mama yake akajitetea.

"Kwa hivyo bado hujui kitu," Nyokabi akasema. Lakini mkono wake hakuutoa.

"Sijui. Ilikuwa pikipiki ya nani?"

"Ya Thuo, anayeuza maziwa."

"Mvua iliwapata wapi?"

"Turbo."

"Hamkujikinga?"

"Na mama yako anatetemeka? Tungejikinga saa ngapi?"

"Na wewe," Brian akauliza, "siku hiyo ulikula nini?"

 Katika watu wote waliomshukuru Nyokabi kwa siku ile, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akavuta viti viwili kando ya ukuta, akamkalisha kimoja.

"Kaa vizuri," alimwambia. "Hii ni ndefu."