Chumvi ya Babu

Kila alipotoka shule, Kidoti alimpelekea babu yake chakula kwenye chumba cha mbele, kando ya cherehani. Babu alikuwa fundi wa nguo, tena mtani kweli kweli. "Leo mmenipikia nini, pamba?" aliuliza, kisha akaisukuma sahani. Moyo wake ulikuwa mgonjwa na daktari alimkataza chumvi ya kawaida. Mama alimnunulia nyingine kwa mfamasia, isiyo na sodiamu, chungu kidogo ulimini.

Kidoti alimwonea huruma mzee wa watu. Siku moja alichota chumvi ya jikoni akaichanganya ndani ya kopo la babu. Babu alikula hadi akalamba vidole! Basi kila kopo lilipopungua, Kidoti aliongeza.

Haukupita muda, miguu ya babu ikavimba, pumzi zikambana, akalazwa hospitalini. Mama akafoka, "Yule mfamasia ametuuzia chumvi ya kawaida! Leo atanitambua!" Akampa Kidoti lile kopo ampelekee mwalimu wa sayansi aipime hiyo chumvi.

Kwenye maabara, mwalimu alichovya ncha ya waya safi kwenye chumvi, akaiingiza motoni. Mwali ukawaka njano kali.

"Hiyo ni sodiamu," alisema. "Kopo limeandikwa chumvi ya potasiamu. Ingetoa zambarau hafifu."

"Kwa hiyo mfamasia ndiye mwenye makosa?" Kidoti aliuliza kwa sauti ndogo. Roho ilimsuta.

"Ngoja kwanza. Njano huifunika zambarau." Mwalimu akampa kipande cha kioo cha buluu. "Tazama kupitia hapa."

Kidoti alitazama. Njano ilitoweka, na zambarau ikaonekana.

"Umeona? Chumvi ya mfamasia imo. Kuna mtu ameichanganya na nyingine."

Kidoti akaangua kilio. "Ni mimi, mwalimu. Babu alikuwa hali chakula."

Mwalimu akazima moto. "Twende hospitali sasa hivi. Daktari anahangaika kutafuta sababu, nawe unayo."

Mama aliposikia, hakugomba. Alikaa kwenye benchi akalia, halafu akaenda kumwomba radhi mfamasia kwa kumshuku bure. Daktari naye alishukuru kuambiwa, akajua namna ya kumtibu babu. Uvimbe ulipungua. Lakini nguvu za miguu hazikurudi, na babu hakuweza tena kukanyaga cherehani. Ilihuzunisha kumwona akiitazama tu.

Siku aliyorudi nyumbani, Kidoti alimletea chakula bila kuinua uso.

"Nisamehe, babu."

"Kaa hapa, mjukuu wangu. Unadhani sikujua? Mtu mzima mimi, nisiijue ladha ya chumvi? Nilijua tangu tonge la kwanza, nikanyamaza kwa uroho wangu." Machozi yalimlengalenga. "Mmoja wetu tu angesema ukweli, nisingefika huku. Ukimpenda mgonjwa, usimfiche daktari kitu, hata mgonjwa mwenyewe akikuchekea."

Akaivuta sahani isiyo na chumvi, akala polepole, tonge kwa tonge, mpaka akaimaliza.