Grafu ya Mvua Iliyosomeka Kutoka Nyuma

Kila asubuhi saa tatu, Ndila aliinama kwenye kipima mvua nyuma ya madarasa, akasoma maji yaliyomo na kuyaandika daftarini. Siku ambayo hakukuwa na hata tone, aliandika sufuri. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mitatu, hata wenzake wa gredi ya nane wakampa jina la Wa Sufuri.

Muhula huo Mwalimu Musyimi aliwafundisha programu ya takwimu kwenye kompyuta ya shule. Ukiandika amri chache, tarakimu zinageuka kuwa grafu. Grafu ya Ndila ilionyesha jambo wazi. Miaka yote mitatu mvua ilikuwa nyingi Novemba, kisha Desemba ikakatika. Wakulima waliongoja udongo ulowe ndipo wapande walichelewa. Baba yake alikuwa mmoja wao, na ndengu zake zilikauka zikiwa na maua.

"Ijumaa wakulima wa hapa Kathonzweni watakutana kanisani kuamua siku ya kupanda," mwalimu alimwambia. "Umepewa ubao wa mbele. Wasipoisoma grafu, watafuata mazoea."

Alhamisi mchana Ndila aliitazama grafu kwenye dirisha dogo kando ya amri zake. Ilipendeza. Akaandika amri ya kuihifadhi, akaiweka kwenye flashi, akaenda na rafiki yake Mwau katika duka la Nadifa lenye printa kubwa.

"Picha yako ni ndogo, mdogo wangu," Nadifa alisema. "Niivute ijae karatasi?"

"Ivute tu, dada."

Karatasi ilipotoka, herufi zilikuwa na ukungu, na majina ya miezi yalikuwa yamepandana. Mwau akacheka. "Novemba imelalia Desemba. Mvua yenyewe itapotea njia."

"Karatasi za ukubwa huu imebaki moja," Nadifa alisema. "Ni printa yangu imeharibu, ama?"

Ndila alitamani kusema ndiyo. Aliitazama printa, kisha akatazama chini.

"Hapana, dada. Kosa ni langu. Sikupima ubao, na baada ya kuhifadhi sikuifungua faili nione imetokaje."

"Haya. Hiyo moja nakuwekea. Lakini nafunga saa kumi na mbili."

Nje ya duka, Mbinya, nyanya yake Ndila, alikuwa akianza kusuka kiondo. Mteja alitaka cha kubebea kibuyu chake. Susu, kama walivyomwita nyumbani, alikiweka kibuyu chini, akakipima kitako kwa shubiri, ndipo akafunga nyuzi za kwanza.

"Susu, kikitoka kidogo si utakivuta?" Ndila aliuliza.

"Kikivutwa kinapinda, mjukuu wangu. Ukubwa unaanzia kitakoni."

Ndila akaomba uzi mrefu wa katani, akakimbia kanisani na Mwau kuupima ubao. Shuleni wakauweka uzi kwenye rula: upana sentimita themanini, kimo sitini. Ndila akaviandika vipimo hivyo ndani ya amri ya kuhifadhi. Safari hii aliifungua faili yenyewe, akaikuza hadi ukubwa wake halisi. Umbo lilikuwa sawa, ila herufi zilikuwa ndogo mno.

"Simama mlangoni usome," alimwambia Mwau.

"Naona siafu wamejipanga."

Akaongeza ukubwa wa herufi. Kichwa cha grafu kikakatika pembeni. Akapunguza kidogo, akahifadhi tena, akafungua tena. Mwau akaisoma miezi yote bila kukunja uso. Walifika dukani Nadifa akishika kufuli; akaiwasha printa tena, akaichapisha grafu kwenye ile karatasi ya mwisho.

Kesho yake kanisa lilijaa, grafu ikiwa imetundikwa kwenye ubao wa mbele. Mzee Kivuva, aliyejulikana kwa kubisha, alikuwa benchi la mwisho.

"Ile nguzo ndefu ni Novemba?" aliuliza kutoka huko huko.

"Ndiyo, mzee."

"Na ile fupi ya Desemba… kumbe mvua haitungoji."

Baba yake Ndila akasimama. "Mimi napanda mwisho wa Oktoba, udongo ukiwa mkavu. Mbegu ikae ikiisubiri mvua." Mikono ikainuka benchi baada ya benchi, na wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Mzee Kivuva.

"Wa Sufuri," Mwau alinong'ona, "leo umepata mia."

Januari baba alirudi kutoka shambani na magunia manne ya ndengu. Susu alichota kiganja kimoja, akakimimina mikononi mwa Ndila.

"Ulikubali kosa lako mapema, ukapata nafasi ya kulirekebisha," alisema. "Ukifanya kazi, jua kwanza itakaa wapi na nani ataitumia. Pima, kisha itazame tena kabla hujaitoa mkononi."

Ndila akazimimina ndengu kwenye kiondo kipya alichosukiwa na Susu, akaongeza nyingine kutoka guniani. Zilijaa hadi ukingoni, na haikumwagika hata moja.