Nyota Iliyovimba Kifuani

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na zogo. Watoto watatu, fulana za shule za rangi moja, kapu moja la nguo. "Hii yangu!" "Si yako, yako ina doa!" Kitinda mimba wetu, binti wa miaka saba, husubiri kando. Macho yake hayaoni. Mpaka mtu amtafutie fulana, yeye hajavaa.

Siku moja akamwambia mama yake, "Mama, nataka nivae mwenyewe. Nimechoka kusubiri kama mtoto mchanga."

Maneno yale yalinichoma moyo. Kazi ya mke wangu ni kuchapa picha kwenye fulana, katika chumba cha mbele. "Nitamchapia nyota ya kuvimba kifuani," akaniambia. "Akiigusa tu, atajua ni yake." Akanunua wino wa kuvimba, akachapa, kisha akaenda kumchukua binti shuleni.

Nami na kiherehere changu! Nikaona nyota bado mbichi, nikasema nimsaidie mke wangu kuikausha. Nikawasha pasi. Pasi ilipogusa, wino ukaanza kuumuka. Lo! Nikadhani unachemka na kuharibika. Nikaukandamiza kwa nguvu zangu zote hadi ukalala. Nusu yake ikagandia kwenye pasi.

Binti akaja mbio, akapapasa fulana. "Baba, mbona hakuna nyota?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mke wangu akamwita jirani yetu, fundi wa kuchapa nguo. Tunamwita Taratibu, maana hata salamu anaitoa kwa awamu. Akaitazama pasi, akanitazama mimi, akacheka hadi akakaa chini.

"Jirani, umeiua nyota ikizaliwa! Wino huu ukipata joto huumuka kama unga wenye hamira. Kazi yako ni kuupa joto, si kuukandamiza."

Safari hii mke wangu alichukua fulana nyingine, akatumia fremu yenye wavu wa matundu makubwa, ili wino upite wa kutosha. Akausukuma kwa kipande cha raba, mara moja tu, bila kusitasita. Taratibu akawasha mashine ya kupuliza hewa ya moto. Akaishika juu ya fulana, akiizungusha polepole. Nyota ikainuka mbele ya macho yetu.

"Joto likiwa dogo, wino utabanduka ukifuliwa," alisema. "Likizidi, utavimba kisha usinyae. Soma maelekezo kwenye kopo la wino. Kufua, geuza fulana ndani nje. Na pasi isipite juu ya nyota."

"Umesikia, mume wangu?" mke wangu akauliza.

"Nimesikia, mama."

Tuliifua kujaribu. Nyota haikubanduka.

Jumatatu, zogo kama kawaida. Binti akatia mkono kapuni. Akapapasa fulana ya kwanza, akaiacha. Ya pili, akaiacha. Ya tatu, vidole vyake vikatulia. Nikasogea nimwonyeshe upande wa mbele.

"Mbele ni penye nyota, baba. Toka nje, navaa."

Nikatoka. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango, amejiziba mdomo kwa kiganja. Tukashikana mikono, tukalia na kucheka, hadi mlango ukafunguliwa.

"Mimi tayari," binti akasema. "Nyinyi mnasubiri nini?"