Spika ya Katikati

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Julai 1998, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, Igoki alipozima redio ya gari la Mwalimu Njoka, akatoa kaseti, akachomoa nyaya za spika nne, mbili za mbele na mbili za nyuma, na kuiacha peke yake spika ya tano, ile aliyoifunga ndani ya kiboksi cha mbao juu ya dashibodi. Alitaka kuhakikisha kwamba haivumi. Spika iliyofungwa vizuri, ikikosa muziki, hunyamaza kabisa, na Igoki hakuwa mtu wa kumrudishia mteja gari lenye mvumo, hata ule ambao mteja mwenyewe asingeusikia. Akainamisha sikio juu ya dashibodi. Ndani ya kile kiboksi cha mbao mtu akavuta pumzi, kama abiria anayeamka usingizini, kisha akauliza kwa Kimbeere, lugha ya kwao Igoki, kwa sauti ya chini yenye adabu:

"Tumefika?"

Igoki akatazama taa ya redio. Ilikuwa imezimwa. Akatazama nje. Makutano, kitongoji cha Meru walikokuwa na duka la redio za magari, ilikuwa vile vile, malori yakipanda gia kuelekea Nanyuki, baridi ya Julai, ukungu umelala juu ya mabati. Alijua kwamba simu za upepo za madereva huweza kuingia katika amplifaya. Alikuwa amesoma hayo chuo kikuu, akayaandikia mtihani. Lakini amplifaya hii haikuwa na umeme. Akakigusa kiboksi. Kilikuwa na joto la mwili, na kilitoa harufu ya vumbi la Mbeere linapopigwa na matone ya kwanza ya mvua.

Alizirudisha nyaya mahali pake, akafunga skrubu moja moja, na Mwalimu Njoka alipofika kuchukua gari alimkabidhi ufunguo bila neno.

Njoka alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Nkubu, mtu wa utani, aliyekuwa amesikia muziki wa kuzunguka, unaomfikia mtu kutoka pande zote, kwa rafiki yake Nairobi na hakulala tena. Spika nne alikuwa nazo. Aliyoitaka ni ile ya katikati, na siku alipoiagiza Igoki alimweleza kazi yake: kila wimbo una upande wa kushoto na upande wa kulia, na kile ambacho pande zote mbili zinakubaliana ndicho kinacholetwa katikati, na mara nyingi huwa ni sauti ya mwimbaji.

"Kwa hivyo mwimbaji atakaa kati yangu na mama watoto?"

"Hapo hapo, mwalimu."

"Basi uniwekee wanaume tu. Akikaa mwanamke hapo, mimi nitarudi Nkubu na miguu."

Muriuki, kaka yake Igoki na mwenye duka, alicheka mpaka akaweka chini koleo. Wote walicheka. Mtoto wa kwanza wa Njoka alikuwa bado tumboni, mimba ya miezi saba, na tayari alishamwita mkewe mama watoto.

Mbao ya kile kiboksi ilikuwa ya muringa. Plastiki hutetemeka, na mbao laini za dukani huinywa sauti. Muringa uliokauka vizuri huishika sauti bila kuongeza neno lake. Igoki aliujua mti wenyewe. Ulisimama nyuma ya nyumba ya bibi yao, Cucu, kule Kiambere, hadi mwaka uliotangulia, ulipokauka upande mmoja na kuanza kuangusha matawi juu ya paa. Ulikuwa mti wenye wenyewe, kama watu wa kwao walivyowaita wasioonekana wanaokaa ndani ya miti, na mti kama huo haukatwi kabla wenyewe hawajahamishwa. Fimbo huegemezwa kwenye shina, ikaachwa hapo kidogo, kisha mtu huibeba mpaka mti mwingine, bila kusema na bila kugeuka, akaiegemeza huko. Wanaohama husafiri na fimbo. Cucu alikuwa ameishiwa nguvu za miguu. Akamtuma Igoki, kwa sababu Igoki ndiye aliyepewa jina lake, na hatua za Igoki zilihesabiwa kuwa zake.

Mti mwingine ulikuwa ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga usio na maji, juani. Igoki alikuwa amevaa viatu vya mjini, mwenye msumeno wa injini alikuwa akimtazama kwa tabasamu, na yeye Igoki alikuwa na digrii ya fizikia. Alipopotea nyuma ya kichaka aliiegemeza fimbo kwenye ua wa miiba, akaketi kivulini kwa muda ambao mtu wa mwendo wa kawaida angeutumia kwenda na kurudi, maana hata katika uongo alipenda kipimo kiwe cha haki. Kisha akarudi, akamwambia Cucu kwamba imefika. Cucu alimshukuru, akambariki kwa kumtemea mate kidogo kifuani, kama wazee wafanyavyo. Igoki hakuifuta baraka hiyo kwa kitambaa mpaka alipokuwa ndani ya gari, na tangu hapo aliihisi ngozini kama kitu alichoiba.

Kwa hiyo Jumanne ile, alipoiona Corona ya Njoka ikishuka barabara ya Nkubu huku muziki ukilia, hakuwa na la kujiuliza. Alijua ni nani aliyeuliza. Alichojiambia ni kwamba huenda asiulize tena.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi ule, asubuhi, Corona ilirudi. Haikuwa na muziki. Njoka alishuka bila kunyoa ndevu, na mkewe, Nkirote, aliyekuwa karani wa ofisi ya kahawa, akabaki kwenye kiti chake na mlango wazi, mikono juu ya tumbo.

Njoka ndiye aliyeeleza, akijaribu kucheka mahali ambapo kicheko hakikuwepo. Kila alipozima injini, spika iliuliza kama wamefika. Sokoni, hospitalini, kanisani. Kimbeere hakukijua, lakini jirani yake mmoja kutoka Siakago alimfasiria, na yeye akaona ni redio ya mtu imepotea njia. Akazoea. Akawa anaijibu kama anavyojibiwa mtoto safarini: bado, tulia, bado kidogo. Mpaka Alhamisi moja, alipofika kwake, mbele ya geti, amechoka, akasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye roho nzuri angelisema.

"Nikamwambia tumefika, shuka," alisema Njoka. "Na mlango wa nyuma ukafunguka. Polepole. Ukafungwa. Si kwa nguvu."

Muriuki akakohoa. Akasema majini ni ya Mombasa, sasa hili lilipandishwa Meru na lori gani?

Baada ya hapo kile kiboksi kilinyamaza, na sauti ikawa ndani ya nyumba. Wakikaa mezani, yeye huku na mkewe kule, inatoka katikati ya meza. Wakilala, inatoka katikati ya mito miwili. Mmoja akimwuliza mwenzake jambo, inajibu kwanza, kwa sauti ya yule aliyeulizwa, na mara nyingine jibu lenyewe ni la kweli kuliko lile ambalo mtu angelitoa. Walianza kunyamaziana. Walianza kukaa vyumba tofauti, ili pasiwe na katikati.

"Mwambie ya jana," Nkirote akasema kutoka garini. Njoka akatazama chini. Basi Nkirote akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu. "Jana nilikuwa jikoni. Mwalimu yuko shule. Hakuna mtu wa pili hapo. Nikasikia inauliza, tumefika? Nikasema moyoni, haiwezi, mimi niko peke yangu." Akaukaza mkono juu ya tumbo. "Halafu nikakumbuka siko peke yangu."

Igoki alikuwa ameshika bisibisi. Akaiweka juu ya meza taratibu, sambamba na nyingine.

Nkirote alikuwa mtu wa mlima, Mmeru wa Nkubu, lakini bibi yake pia alikuwa na miti ambayo watoto hawakuruhusiwa kuokotea kuni. Akauliza ile mbao ilitoka wapi. Igoki akamwambia. Hakusema mengi, ila jina la mahali, na mti, na kwamba kulikuwa na fimbo, na kwamba fimbo haikuvuka laga.

"Na ulisikia hiyo sauti kabla hatujachukua gari."

"Nilisikia."

"Ukampa bwana yangu ufunguo."

Muriuki akamtazama dadake kana kwamba ndiye aliyetoka katika mbao. Igoki hakuomba msamaha, maana neno hilo aliliona dogo na rahisi. Alitoka nyuma ya duka, akakata tawi kwenye ua, akalimenya maganda. Akamwomba Nkirote ruhusa kwa macho, na Nkirote, baada ya muda mrefu, akaondoa mikono yake. Igoki akapiga magoti kwenye changarawe, akaiegemeza fimbo, si kwenye kiboksi, bali ubavuni mwa tumbo lile, pale mama na mtoto wanapopakana, akangoja. Tumbo likatulia kabisa. Kisha fimbo ikawa nzito, kama ndoo inapojaa kisimani na kamba ikakaza.

Kuanzia hapo Igoki hakusema tena. Aliingia nyuma, akaipakata ile fimbo, na Njoka akaendesha kuelekea Kiambere.

Walipita Nkubu, wakashuka na kupanda mito yote ya barabara ya Embu, na kila gari lilipopunguza mwendo sauti iliuliza, sasa karibu na sikio la Igoki, sasa ikiwa na subira kidogo tu, na yeye akatazama mbele kwenye shingo ya Nkirote, kwa kuwa aliambiwa zamani asigeuke na mara hii angetii mpaka mwisho hata kama kitu kilichokuwa kikimpumulia shavuni kilianza kutumia sauti ya Muriuki, kisha ya mama yake, kisha sauti yake mwenyewe ile ya kule Kiambere ikisema imefika, Cucu, imefika, imefika, kwa kiburi na haraka vile vile alivyoisema, na harufu ya vumbi na mvua ikajaa garini mpaka Njoka akafungua dirisha na haikutoka.

Mbele ya Embu kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari akainama dirishani, akataka leseni, akauliza wanakwenda wapi.

"Kiambere," Njoka akajibu.

"Tumefika?" ikauliza sauti.

Askari akanyoosha shingo. "Nani huyo?"

Akamwangalia Igoki, mwanamke mzima aliyefumba mdomo na fimbo mapajani.

"Ni mtoto," Nkirote akasema.

Askari akatazama kiti cha nyuma kwa muda. Akatazama tena tumbo la Nkirote. Akarudisha leseni bila kuisoma, akasogea nyuma, akapunga mkono waende, na walipoondoka alikuwa bado anajipangusa kiganja kwenye suruali.

Walifika kwa Cucu jua likiwa bado juu ya kilima. Bibi kizee alikuwa uani akipepeta pojo kwenye ungo. Akainua uso, akafurahi, akalitaja jina ambalo lilikuwa lao wote wawili. Igoki akampita. Hakumsalimu, hakumpa mkono. Alimwona tu Cucu akiitazama ile fimbo, na ungo ukisimama, na furaha ikiondoka usoni mwake bila hasira, kama mtu anayehesabu vitu vyake akakuta kimoja hakipo, na akajua tangu lini.

Alivuka laga kwa viatu vyake vya mjini, mchanga ukiingia. Nyuma yake zilisikika hatua, nyingi mno kwa mtu mmoja. Hakugeuka. Aliufikia mti, akaiegemeza fimbo kwenye shina, akangoja uzito uishe mkononi.

"Tumefika?"

"Tumefika," akasema Igoki. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Makutano.

Majani yakatikisika kidogo upande mmoja, kama nguo mtu anapokaa. Basi.

Aliporudi uani, Nkirote alikuwa ameketi peke yake kwenye kigoda, amefumba macho, akisikiliza. Alikaa hivyo mpaka Njoka alipoogopa kumwita. Kisha akashtuka, akashika ubavu, akasema mtoto amempiga teke. Njoka aligeukia ukuta akalia. Walikunywa chai, wakaondoka kabla ya giza. Nkirote alimshika Cucu mikono yote miwili akiaga, akampita Igoki kama yeye alivyompita Cucu.

Igoki akabaki, akachukua ungo, akaendelea kupepeta. Cucu hakumwuliza kwa nini. Alimwuliza ni sauti ngapi zilizokuwa kwenye fimbo.

"Moja, Cucu."

Bibi kizee akaeleza, polepole, kwamba baba mkwe wake alipofyeka kilima hiki kizima aliuacha mti mmoja tu, ili wote waliokuwa katika ile mingine wapate pa kukaa. Wote walikuwa katika muringa ule. Akauliza mbao nyingine zilikwenda wapi.

Zilikwenda Kiritiri, kwa Elphas, fundi wa vitanda.

Asubuhi yake Igoki aliamka kabla ya Cucu, akakata fimbo, akaenda Kiritiri. Elphas alikuwa amefungua. Chini ya kibanda kulikuwa na kitanda kipya kilichopigwa vanishi, rangi ya asali, na kijana na msichana waliokuwa karibu kuoana walikuwa wamekikalia kukijaribu, huyu mwisho wa huku na huyu mwisho wa kule, wakicheka kwa aibu. Elphas aliwaambia kwamba ni muringa wa Kiambere, hautawahi kulegea. Msichana akaacha kucheka. Akamgeukia mwenzake akamwuliza, "Umesema nini?"

Kijana akasema hajasema kitu.

Igoki aliwapita wote bila salamu, akaketi katikati yao, akaiegemeza fimbo kitandani, akafunga mdomo.