Karatasi Kumi na Moja

Boti ya kutoka Moba ilikuwa imefika asubuhi ile, na bandari ya Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, ilijaa abiria, magunia ya maharage na kelele za wachuuzi. Katikati ya msongamano huo Éliane alisimama na katoni iliyopasuka, karatasi zake zikidondoka moja moja kwenye tope. Alivaa gauni la kitenge cha buluu na viatu vyeupe ambavyo mtu anayeijua bandari ile asingethubutu kuvivaa.

Mwanamume mrefu mwenye salopeti ya kazi ya kijani aliinama akamwokotea.

"Mama, katoni njo inabebwa kwa chini, hapana kwa masikio."

"Nilidhani unanisaidia. Kumbe unanifundisha."

"Vyote viwili ni bure."

Éliane alicheka bila kutaka. Mwanamume huyo aliitwa Blanchard, kapita, yaani msimamizi, wa wabebaji kumi na moja katika ghala moja la mizigo. Aliposikia kwamba kwao Éliane ni Kongolo, na ametumwa na ofisi yake kuwafundisha watu wa ghala hilo hilo kutumia mashine mpya ya kuinulia mizigo, alivua kofia.

"Basi njo wewe mwalimu wetu. Nimeharibu mambo mapema."

Semina ilichukua siku tatu. Éliane alikuwa ameiandaa mwezi mzima: picha ukutani, maelezo ya Kifaransa, sheria ishirini na nne. Watu wazima, wengine walioanza kubeba magunia kabla yeye hajazaliwa, walikaa kwenye viti vya plastiki, mikono magotini, wakiitikia kwa vichwa. Siku ya mwisho aliwapa karatasi watie alama, kutoka moja hadi tano, kuonyesha kama semina imewafaa. Karatasi zote kumi na moja zilirudi na tano. Aliandika ripoti moyo ukimruka kwa furaha, na ofisi yake ikamwahidi kazi kama hiyo katika miji miwili mingine.

Kufikia hapo Blanchard alikuwa anampigia simu kila siku saa ya chakula, akimwita sheri, mpenzi, kwa Kifaransa.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula. Bukari na visamaki vya ndakala."

"Peke yako? Ndakala wa Kalemie hawapendi kuliwa na mutu mumoja. Wanasikia huzuni."

Jumapili walitembea mpaka daraja la mto Lukuga, Blanchard akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Huko, upepo wa ziwa ukiwapiga usoni, alimshika mkono kwa mara ya kwanza, na Éliane hakuutoa.

Wiki sita baada ya semina, akiwa bado Kalemie akisubiri safari ya miji ile miwili, Éliane alipita ghalani bila kutoa taarifa. Alitaka kuona kama yale aliyofundisha yanatumika. Mzigo wa saruji ulikuwa unapanda, umefungwa kamba moja badala ya mbili, na hapakuwa na mtu wa kutoa ishara. Kamba ikateleza. Magunia matatu yalianguka hatua moja kutoka aliposimama Papa Mwamba, mkongwe wa kikosi, vumbi likamfunika mpaka kope.

Éliane alimkimbilia, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akaanza kumfuta.

"Papa Mwamba, tulisema kamba mbili."

"Mwanangu, pengine ulisema. Kifaransa chako hatukukisikia."

"Lakini mlitia tano."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Kapita alituomba. Alisema, huyu mama njo mutu wa roho yangu, musimuaibishe."

Blanchard alikuwa mjini siku hiyo. Éliane alimpigia palepale.

"Sheri..."

"Usiniite hivyo leo. Ulijua kwamba hawakuelewa?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niandike ripoti."

"Ulikuwa na furaha, Éliane. Nilishindwa kukunyang'anya."

"Papa Mwamba nusura afe kwa hiyo furaha yangu."

Alikata simu, na kwa siku kumi hakupokea nyingine kutoka kwake. Aliiandikia ofisi kwamba ripoti yake haikuwa kweli. Ofisi ikamnyima ile miji miwili. Alilia, akanawa uso, akarudi mezani. Kilichomchoma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakukanyaga ghala lile hata siku moja kabla ya kuandaa semina. Blanchard alimdanganya, ndiyo. Lakini yeye naye hakuwa ameuliza.

Siku ya kumi na moja Blanchard aliingia bironi, chumba cha kazi cha Éliane, na daftari la shule mkononi.

"Nimekaa na watu wangu. Nimewaambia kosa njo langu. Halafu nikawauliza walishindwa wapi." Akafungua daftari. "Picha zilikuwa za bandari za Ulaya. Kukaa kutwa kuliwaumiza migongo. Papa Mwamba anasema wabebaji wana ishara zao za mikono tangu zamani, za kupakua boti. Wewe ukaleta zingine bila kuuliza."

"Alisema hivyo?"

"Alisema zaidi, nimepunguza." Akainua macho. "Hapana, sipunguzi tena. Alisema unasema mbio kama redio."

Éliane alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka. "Kaa. Soma yote."

Wiki iliyofuata alishinda ghalani, amevaa suruali na buti, akitazama tu na kuuliza. Kisha akaanza upya: nusu saa kila asubuhi, kando ya mashine, kwa Kiswahili, Papa Mwamba akionyesha ishara na wenzake wakimsahihisha. Safari hii hakugawa karatasi. Alikaa juu ya gunia na kalamu, akahesabu mizigo iliyofungwa sawasawa: tisa kati ya thelathini wiki ya kwanza, ishirini na nane mwezi wa pili. Alituma hesabu zote mbili, na ofisi ikamrudishia mji mmoja, Moba, kwa miezi minne.

Alimwambia Blanchard Jumamosi mchana, katika mgahawa mdogo ufukweni, samaki wa kuchoma katikati yao.

"Miezi minne ni mingi," Blanchard alisema.

"Ni mingi."

"Naogopa, Éliane. Kule utakutana na watu waliosoma kuliko mimi." Alisukuma sahani kando. "Nataka kuja kwenu Kongolo na wajomba zangu kabla hujaenda. Kama hutaki, sema sasa. Nitaumia, lakini nitaelewa."

Éliane alifuta vidole, akatoa simu, akabonyeza namba.

"Mama, kuna mutu hapa anataka kukusalimia. Muulize yote unayotaka, atakujibu."

Akamkabidhi simu, akarudia samaki wake, huku Blanchard akisimama wima na kufunga kifungo cha juu cha shati kwa mkono mmoja.

"Shikamoo Mama," alisema. "Ndiyo, Mama. Ninampenda."