Jibu Ambalo Halikujaribiwa

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare za shule na kuchota maji, Sidonia alikwenda dukani kwa shangazi yake. Shangazi Restuta alikuwa na steshenari hapo Mvumi, kando ya barabara iendayo hospitali. Watu walikuja kutoa kopi za vyeti, kuchapa barua za kuomba kazi na kupiga picha za pasipoti. Sidonia, aliyekuwa darasa la sita, alifagia, akapanga karatasi, na wateja wakipungua aliruhusiwa kukaa kwenye ile kompyuta ya pembeni.

Kompyuta za dukani zilitumia Linux, mfumo ambao watu wa nchi nyingi huutengeneza kwa kushirikiana na kuugawa bure. Shangazi aliupenda kwa kuwa virusi vya kwenye flashi za wateja havikuusumbua. Ukileta matatizo, aliingia mtandaoni kwenye kikundi kiitwacho Jamvi la Ngwini, kwa maana ngwini, yule ndege mnene asiyeruka, ndiye alama ya Linux. Humo watu waliulizana na kujibiana kwa Kiswahili. Siku moja printa iligoma wakati walimu wanasubiri mitihani, na watu ambao Shangazi hajawahi kuwaona kwa macho walikaa naye hatua kwa hatua mpaka karatasi zikaanza kutoka. Tangu siku ile Sidonia akalipenda jamvi hilo kuliko katuni.

Alijiandikisha kwa jina la Fundi Sido. Mwanzoni aliuliza tu. Kisha akaanza kujibu maswali madogo aliyoyajua, na kila aliyesaidika alimpa nyota. Eh, nyota zina utamu wake! Siku hizi alijibu hata asiyoyajua. Alitafuta jibu huku na kule, akalinakili, akalibandika. Jamvi lilikuwa na sheria moja iliyoandikwa juu kabisa: ukijibu, sema kama umejaribu au hujajaribu. Sidonia aliandika "nimejaribu" kila mara, maana jibu la aliyejaribu ndilo lililopata nyota.

Jumamosi hiyo alikuta swali jipya.

"Habari zenu wapendwa. Mimi ni Luka, mwalimu wa kwaya huku Mlali. Umeme ulikatika ghafla na diski yetu ya nje sasa imegoma kufunguka. Kompyuta inasema ina hitilafu. Humo mna nyimbo tulizorekodi na dada yetu Tereza, aliyefariki kabla ya Pasaka. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Naombeni msaada."

Hakuna aliyekuwa amejibu. Sidonia alitafuta haraka haraka. Akapata ukurasa wa Kiingereza, lugha aliyoielewa kwa kuokoteza, ambamo jamaa mmoja alisema diski yake iligoma, akaandika amri fulani, yaani maneno ya kuiagiza kompyuta, ikafunguka. Watu wengi walikuwa wamemshukuru. Sidonia akainakili ile amri na kuandika chini yake: "Tumia hii. Nimeijaribu mwenyewe, diski ilifunguka."

Kitu kilimchoma moyoni. Akakipuuza.

Haukupita muda, Luka akajibu. "Ahsante sana, fundi. Huku umeme bado haujarudi na simu yangu inakaribia kuisha chaji. Amri nimeiandika kwenye karatasi. Umeme ukirudi tu, naifanya. Mungu akuzidishie."

Sidonia akatabasamu peke yake. Bado alikuwa anatabasamu pale ujumbe mwingine ulipoingia. Ulitoka kwa Hilda, fundi wa mitandao wa Dodoma mjini, mtu ambaye kila mmoja jamvini alimheshimu.

"Fundi Sido, hii umeijaribu kwenye diski yenye vitu ndani? Amri hii haikarabati diski. Inaiunda upya. Itafunguka, ndiyo, lakini itakuwa tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Ni sawa na mtu akuulize jinsi ya kufungua ghala lililokwama mlango, wewe umwambie alichome moto. Luka, usiifanye! Luka, upo?"

Luka hakuwepo.

Sidonia akarudi kwenye ule ukurasa wa Kiingereza na kuusoma taratibu, neno kwa neno, jambo alilopaswa kulifanya mapema. Kumbe yule jamaa diski yake ilikuwa mpya! Haikuwa na kitu. Bila kufikiri, akalifuta jibu lake lote.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. "Kulifuta hakumsaidii Luka," Hilda akaandika. "Keshaliandika kwenye karatasi. Nampigia kupitia mtandao, simu imezima. Kuna mtu anayemfahamu? Jamani, kwaya ya Mlali, nani anawajua?"

Mmoja wa Mbeya akasema hamjui. Wa Tanga naye hivyo hivyo.

Sidonia alijua nani anawajua. Mwaka uliopita kwaya ya Shangazi ilikwenda Mlali kwenye tamasha, na Shangazi alirudi akiwasifia wiki nzima. Hapo alipo alikuwa akimlaminishia mzee mmoja cheti cha ndoa, hatua chache tu. Ilikuwa ni kufungua mdomo. Lakini akiufungua, Shangazi atajua yote: majibu ya kunakili, uongo wa "nimejaribu", na zile nyota ambazo alimsifia mbele ya wateja. Na akinyamaza je? Nani angejua kwamba Fundi Sido ni mtoto wa Mvumi? Angefunga kompyuta, akachukua ufagio, basi. Mlali ni mbali.

Akatazama taa ya dukani. Ilikuwa inawaka. Je, na ya Mlali?

"Shangazi," akaita.

"Subiri, namhudumia mzee."

"Shangazi, nimeharibu!"

Sauti ilitoka vibaya mpaka yule mzee akageuka. Shangazi akaweka cheti mezani. "Umeharibu nini? Printa?"

"Kitu cha mtu. Hakijaharibika bado. Umeme ukirudi Mlali kitaharibika." Machozi yakaanza kumtoka. "Nimempa mtu amri mbaya jamvini. Nimemwambia nimeijaribu. Sijaijaribu, Shangazi. Niliinakili tu."

"Mtu gani?"

"Mwalimu Luka wa kwaya. Diski ina nyimbo za dada mmoja amefariki, anaitwa Tereza. Akiifanya ile amri zinafutika zote."

"Tereza," Shangazi Restuta akasema. "Tereza wa sauti ya kwanza? Nililala naye chumba kimoja kwenye tamasha, Sidonia. Alinifundisha wimbo mpaka usingizi ukatuchukua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mzee wangu, naomba uniwie radhi kidogo."

"Piga simu, mama," mzee akasema. "Cheti cha ndoa kina miaka arobaini, hakikimbii."

Shangazi alikuwa na namba ya Luka. Akapiga, akaweka sauti ya juu. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena. Haipatikani. Sidonia alikuwa anauma kucha.

"Ngoja. Kuna Rose, mwenye mashine ya kusaga, jirani yake Luka," Shangazi akasema.

Simu ya Rose iliita mpaka ikakaribia kukatika. Kisha ikapokelewa, na kwanza hawakusikia mtu. Walisikia ngurumo nzito.

"Nani? Restuta? Mbukwenyi!" Rose akasalimu kwa Kigogo. "Ongea kwa nguvu, nasaga!"

Mashine ya kusaga! Sidonia akashika meza. Mashine inasaga, basi umeme umerudi.

"Rose, Luka yuko wapi?" Shangazi akapaza sauti.

"Nini?"

"Luka! Luka wa kwaya!"

"Sikusikii, mwenzangu, mashine…"

"ZIMA MASHINE!" Shangazi alipiga kelele mpaka watu barabarani wakasimama.

Ngurumo ikapungua, ikanyamaza. "Loo, kuna msiba?" Rose akauliza.

"Hakuna msiba. Luka yuko wapi?"

"Amepita hapa sasa hivi, umeme uliporudi, mbio mbio. Ameita wanakwaya waje nyumbani. Anasema amempata fundi mtandaoni, leo wanaisikia sauti ya Tereza."

"Mkimbilie, Rose! Mwambie asibonyeze kitu. Ile amri inafuta! Nyimbo zote zitafutika! Kimbia, dada, usikate simu!"

Rose hakuuliza la pili. Walisikia kandambili zikipiga chini, mbwa akibweka, na pumzi za mwanamke mnene akikimbia kwenye jua la mchana. "Hodi! Hodi humo! Luka! Luuuka!" Kukawa na sauti nyingi kwa pamoja, mlango ukagonga ukuta. Kisha simu ikakata.

Shangazi akapiga. Haikupita. Akapiga tena. Mtandao uko na shughuli. Mzee wa cheti alikuwa amevua kofia. Sidonia alikaa chini sakafuni, akasali kwa maneno yasiyo na mpangilio: Mungu, nisamehe, Mungu, asibonyeze, sitarudia, tafadhali.

Simu ikaita yenyewe.

"Restuta," sauti ya mwanaume ikasema, inahema. "Ni Luka. Natumia simu ya Rose."

"Umeifanya?"

"Nilikuwa nimeshaiandika yote. Kompyuta ikaniuliza kwa Kiingereza, diski hii ina vitu, una uhakika? Nikasita. Kisha nikajiambia, Luka, fundi mwenyewe amesema amejaribu, wewe ni nani umbishie? Kidole kilikuwa njiani. Rose akaingia na kelele zake, nusura aniangushe na kiti." Akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Sikubonyeza."

Shangazi alishusha pumzi. Mzee akapiga makofi. Sidonia akalia kwa sauti, bila aibu.

Kazi haikuishia hapo. Sidonia aliandika jamvini kwamba Luka amepatikana, na Hilda akaomba namba ya Rose. Akampigia Luka na kumwongoza taratibu. Kwanza waifungue diski kwa kuisoma tu, pasipo kuandika kitu juu yake. Kisha wahamishe nyimbo kwenye kompyuta. Ukarabati utafuata nyimbo zikiwa salama. Na kila hatua Hilda alimwambia, "Hii nimeifanya mimi mwenyewe mara nyingi," au, "Hii sina uhakika nayo, subiri niijaribu kwangu kwanza." Mara moja akamwacha asubiri kitambo kirefu, akaijaribu, ndipo akarudi. Huku Mvumi, shangazi na mpwa wake walikaa, macho kwenye simu.

Ilipoita tena, alikuwa Luka. Aliisogeza simu kwenye spika, nayo sauti ya mwanamke ikatoka, juu, safi, inaongoza wimbo, na kwaya ikaitikia nyuma yake. Nyuma ya kwaya kukasikika mtu mwingine, aliyekuwepo chumbani, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Huyo ni Tumsifu, binti yake," Luka akasema baada ya wimbo. "Hajamsikia mama yake tangu mazishi. Sasa, Restuta, nasikia huyo Fundi Sido unamfahamu. Nipe niongee naye."

Shangazi akamnyooshea Sidonia simu. Sidonia alitikisa kichwa. Shangazi hakuurudisha mkono.

"Shikamoo, mwalimu," Sidonia akasema.

"Marahaba. Mbona sauti ya mtoto? Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi. Naitwa Sidonia. Nasoma darasa la sita." Akameza mate. "Mimi si fundi, mwalimu. Sikuijaribu ile amri. Niliinakili nikasema nimejaribu, ili nipate nyota. Naomba unisamehe."

Sidonia alitamani ardhi ipasuke.

"Nimekasirika, sitakudanganya," Luka akasema. "Nikimtazama huyu Tumsifu hapa, nakasirika zaidi. Lakini ungenyamaza, sasa hivi tungekuwa tunazika mara ya pili. Kwa hilo nakusamehe, na kwa hilo nakushukuru."

"Ahsante, mwalimu."

"Sasa nisikilize, mwanangu. Kutojua si kosa. Mimi mwenyewe sikujua, ndiyo maana niliuliza. Ungeniambia 'sijui', ningemuuliza mwingine. Uliponiambia 'nimejaribu', niliacha kuuliza. Hata mashine iliponionya, nilikuamini wewe nikaipuuza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi uwaambie na wenzako."

Sidonia akamrudishia Shangazi simu. Kisha akarudi kwenye kompyuta ya pembeni, Shangazi akasimama nyuma yake mkono begani, na Sidonia akaanza kuwaandikia watu wa jamvini ni majibu yake yapi mengine ambayo hakuwahi kuyajaribu.