Cheche na Vyuo Viwili

Seremala mmoja na mkewe mshonaji walikuwa na binti yao wa pekee. Walimpa jina la utani Cheche, kwa sababu tangu utotoni alipenda kufungua redio mbovu. Alipomaliza sekondari alisema, "Nataka kusomea umeme wa jua."

Wazazi wakatafuta chuo. Kilichowavutia kilikuwa na bango kubwa, vioo vinavyong'aa na karani mwenye maneno matamu.

"Nishati ndiyo habari ya mjini," karani aliwaambia. "Binti yenu akitoka hapa, waajiri watamgombania."

Ada ilikuwa ya kukata maini. Seremala aliuza randa yake ya umeme, akawa kibarua kwenye karakana ya mtu mwingine.

Cheche alisoma miaka miwili. Betri aliziona ubaoni tu. Akahitimu, wakapiga picha, wakala, wakacheka.

Kisha kampuni moja ya sola ikamwita kwenye usaili. Msimamizi alimpa mita ya umeme.

"Nipimie paneli hii."

Cheche aliishika ile mita kama mtu aliyebebeshwa kichanga cha jirani.

"Hujawahi kuitumia?"

"Tuliichora, bosi."

Msimamizi hakucheka. Alikitazama cheti. "Na chuo hiki hakijasajiliwa. Pole, binti."

Nyumbani moto ukawaka.

"Miaka miwili, Cheche!" mama alifoka. "Baba yako anavunjika mgongo kwa watu!"

"Kwani nilichagua mimi, mama? Si ninyi mlipenda vile vioo?"

Mama akageukia cherehani yake. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma.

Jirani yao, mwalimu wa chuo cha ufundi cha serikali, alisikia kelele akapiga hodi. Walipomweleza, alitikisa kichwa.

"Mbona hamkuniuliza, fundi?"

"Tulidhani chuo cha ada ndogo ni cha walioshindwa, Mwalimu," seremala alijibu, macho chini.

"Ada yetu ni ndogo kwa sababu serikali inachangia. Sikilizeni. Kabla ya kulipa, nendeni ofisi inayosajili vyuo, muulize kama wanakitambua chuo mnachokitaka. Ombeni kuingia karakana, muone kama wanafunzi wanashika vifaa. Ulizeni gharama zote, maana mitihani na vifaa vinaweza kuzidi ada. Halafu watafuteni waliomaliza mwaka jana."

"Tuwaulize nini?" Cheche aliuliza.

"Kama wamepata kazi. Mshahara ukoje, na utarudisha ada baada ya muda gani. Chuo kikiwaficha hao watu, ondokeni."

"Na mimi je? Nimeshapoteza wakati."

"Huo siwezi kukurudishia, mwanangu. Ila usiupoteze na uliobaki."

Safari hii Cheche na baba yake waliuliza kila kitu. Ofisi ya usajili ilikitambua chuo cha Mwalimu. Karakana ilinuka nyaya zilizoungua, na wanafunzi walikuwa wamechafuka hadi viwikoni. Kijana aliyehitimu aliwaambia mshahara wake bila kusita.

Cheche akaanza upya, mwaka wa kwanza, na wadogo zake kwa umri. Walimwita Bibi. Alivumilia, akaendelea. Muhula wa mwisho alipelekwa kujifunza kazini kwenye kampuni nyingine ya sola, na kampuni hiyo ikamwajiri kabla hajapata cheti. Haukupita mwaka, mshahara ulikuwa umerudisha ada yote ya chuo cha pili. Ada ya chuo cha kwanza haikurudi. Walipokwenda kuidai, walikuta vyumba vitupu.

Siku moja seremala alimwona binti yake juu ya paa la zahanati, amejifunga mkanda wa usalama, anafunga paneli. Alisubiri hadi aliposhuka.

"Ulikuwa na nani huko juu?"

"Tuko wanne, baba. Mimi ndiye ninayeunganisha nyaya."

Seremala alizitazama zile paneli.

"Kumbe tungeuliza mapema, ungekuwa umefika hapa zamani."

"Ndiyo, baba."

Akampokea begi la vifaa. Wakatembea hadi nyumbani.